Debuga haikuweza kukwama. Ilikwama.

SWALI: Mwalimu, ninaandika ripoti ya majaribio ya kiotomatiki ya debuga, ile programu ya kusakia kasoro za programu nyingine, kwenye programu za nyuzinyuzi. Nimeandika hivi: “Uzi wa pili imeweza kugonga brekipointi, debuga ikaweza kukwama, na jaribio likaweza kufeli.” Mwenzangu anasema “uzi imeweza” ni kosa, niandike “thredi imeweza”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako ameona kibanzi, boriti ameiruka.

Kibanzi kwanza, tukimalize. “Uzi”, yaani mfululizo wa maagizo unaoendeshwa sambamba na mingine ndani ya programu moja, ni wa ngeli ya U-ZI: uzi umegonga, nyuzi zimegonga. “Thredi” imeingia I-ZI kama wageni wengi: thredi imegonga, thredi zimegonga. Chagua moja ushikamane nalo. Mimi nachagua uzi, Kibantu chetu cha siku zote, kwani sioni tunachokopa tukienda kuchukua thredi. “Debuga” naivumilia, ingawa asili yake ni “bug”, mdudu wa Kiingereza. Usiniletee tena yule nondo anayedaiwa kuwa chanzo cha jina hilo, aliyebandikwa kwenye daftari la kompyuta ya Harvard Mark II mwaka 1947; Edison alikuwa akiita kasoro za mitambo yake wadudu tangu miaka ya 1870.

Sasa boriti. Imeweza, ikaweza, likaweza. Mara tatu katika sentensi moja! Kuweza ni kuwa na uwezo, au jambo kuwa na uwezekano. Debuga iliyokwama ilihitaji uwezo gani? Ilifanya mazoezi? Huu ni ugonjwa uleule wa watangazaji wanaotuarifu kwamba majeruhi “aliweza kufariki”, kana kwamba alijitahidi mpaka akafanikiwa. Gari liliweza kupinduka, ghala likaweza kuteketea, timu ikaweza kufungwa mabao matatu: hongera zao wote.

Mtangazaji namzima pamoja na redio yake. Wewe siwezi kukuacha, kwa sababu fani yako ni miongoni mwa chache ambazo kitenzi hiki kina kazi ya kweli, nawe umekimaliza nguvu kabla hakijafika kazini. Programu ya nyuzi nyingi haina ahadi ya kufuata mpangilio uleule kila inapoendeshwa. Mfumo endeshi ndio unaoamua uzi upi upewe zamu na upi ungoje. Msimbo uleule, jaribio lilelile, linafaulu asubuhi na kufeli mchana bila mtu kugusa kitu. Kwa hiyo msomaji wa ripoti yako anataka kujua mambo mawili yasiyofanana: kilichotokea, na kinachoweza kutokea.

Tazama brekipointi yenyewe, yaani mahali ulipoiambia debuga iisimamishe programu. Kwenye prosesa za x86, debuga huondoa baiti ya kwanza ya agizo na kuweka 0xCC, baiti ya agizo la kusimama, mahali pake. Uzi ukifika hapo unasimama. Ili uendelee, njia ya kawaida ni kurudisha baiti ya asili kwa muda, uzi upige hatua moja, kisha 0xCC iwekwe tena. Katika upenyo huo mdogo, nyuzi nyingine zisiposimamishwa, mmojawapo unaweza kupita palepale bila kusimama. Hapo “unaweza” imekaa kwenye kiti chake. Lakini ukiandika “uzi uliweza kupita”, nikuelewe vipi? Ulipita, au njia ilikuwa wazi tu? Anayedhani ulipita ataanza kupekua logi kutafuta kosa. Anayedhani njia ilikuwa wazi ataandika jaribio jipya la kuichokoza hali hiyo. Watu wawili, siku nzima, kwa sababu ya kitenzi kisaidizi ambacho hakikusaidia.

Na “debuga ikaweza kukwama” ina dhambi ya pili. Majaribio ya GDB, mojawapo ya debuga maarufu, huendeshwa kwa DejaGnu, mfumo wa kuendeshea majaribio, ambayo chini yake ina Expect, programu ya kuzungumza na programu nyingine: inatuma amri, inangoja jibu, na jibu lisipokuja ndani ya muda uliowekwa inaandika kwamba muda umekwisha, basi. Haisemi debuga imekwama. Huenda imekwama, huenda mashine ilikuwa imelemewa na nyuzi zenu hizo. Kama ushahidi wako ni huo tu, hata “ilikwama” niliyoiweka kwenye kichwa cha habari hujaistahili bado.

Andika hivi: “Uzi wa pili uligonga brekipointi, debuga haikujibu hadi muda wa kungoja ukaisha, na jaribio likafeli. Likirudiwa, linaweza kufaulu.” Weza moja, nayo inafanya kazi.

Na programu ni ya nyuzi nyingi, maneno mawili. Habari za nyuzinyuzi kamuulize daktari wa tumbo.