Re: Nikifuta bidhaa kwenye orodha, nyingine zinarukwa

Mkuu, Python yako haina ubovu. Umesema unapitia orodha kwa kitanzi cha for (kinachorudia kazi kwa kila bidhaa), ukikuta bidhaa iliyoisha unaipiga remove, yaani unaifuta, hapohapo, na zikifuatana mbili zilizoisha, ya pili inabaki. Ukifuta iliyo nafasi ya 3, ya 4 inasogea kuwa ya 3, ilhali kitanzi kimeshahamia 4. Hiyo iliyosogea haikaguliwi kamwe. Tengeneza orodha mpya badala ya kufuta:

zilizopo = [b for b in bidhaa if b["idadi"] > 0]

Ila mimi ningeanzia kwingine: kwa nini unatafuta bidhaa kwa jina ndani ya orodha? Python inakagua moja moja tangu mwanzo. Bidhaa zikiwa 10,000, isiyokuwepo italinganishwa mara 10,000. Tumia dict (kamusi ya Python), jina liwe ufunguo na idadi iwe thamani:

stoo["sukari"] = 12

Hapo inakokotoa heshi ya ufunguo (namba inayoonyesha pa kutafuta) na kwenda karibu moja kwa moja. Kusoma, tumia stoo.get("sukari", 0), usije ukakumbana na KeyError (kosa la ufunguo usiopo) mteja akiwa kaunta. Mpangilio usikutie hofu, tangu Python 3.7 dict inatunza mfuatano wa kuingiza.

Dict nayo usiifute katikati ya kitanzi. Afadhali yenyewe inapiga kelele, inatupa kosa la RuntimeError. Pitia list(stoo), yaani nakala ya funguo zake, ndipo ufute.

Orodha ibakize kwa mauzo ya siku. append (kuongeza mwishoni) ni nafuu, maana nafasi ya ziada hutengwa mapema, insert(0,...) (kuingiza mwanzoni) ndiyo inayosogeza vyote.