Maswali ya Wasomaji: Mmeshaandikiana, lakini daftarini bado ni jina la muuzaji

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Vwawa. Mashine yangu ya kumenya kahawa mbivu ina hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Mfanyabiashara wa Tunduma anataka kuinunua hataza hiyo, na ameniletea karatasi ya mistari mitatu: "Nimemuuzia haki zote." Nisaini?

Usiisaini hiyo. "Haki zote" maana yake ni kwamba uhamisho ukishasajiliwa, hata wewe huruhusiwi tena kuitengeneza mashine ile karakanani kwako bila ridhaa yake. Mkulima uliyemtengenezea msimu uliopita akirudi kuagiza ya pili, itabidi umwelekeze Tunduma. Mafundi wengi huligundua hili wakiwa wameshakula pesa.

Kama unataka fedha na bado unataka kuendelea na kazi, toa leseni. Hataza inabaki kwa jina lako, yeye anatengeneza kwa muda na katika eneo mlilokubaliana, na anakulipa mrabaha, yaani kiasi mlichokubaliana, kwa kila mashine anayouza. Akidai leseni iwe ya kwake peke yake, mkataba useme waziwazi kwamba nawe unaendelea kutengeneza. Usipoandika hivyo, unaweza kujikuta umefungiwa nje ya kazi yako.

Ukiamua kuuza kabisa, mkataba uwe wa maandishi, msaini nyote wawili, na utaje namba ya hataza na tarehe ya kuwasilisha maombi. Tarehe hiyo ni muhimu kwa bei. Hataza ya Tanzania Bara hudumu miaka 10 tangu maombi yalipowasilishwa, si tangu cheti kilipotoka, na inaweza kuongezwa miaka mitano mara mbili. Mnunuzi analipia miaka iliyobaki. Andikeni pia nani analipa ada ya kila mwaka kuanzia siku ya kusaini, kwani ada isipolipwa hataza hufa, na hapo kila mmoja atadhani mwenzake alilipa.

Kisha mkataba upelekwe BRELA ukaandikwe katika daftari la hataza. Kabla ya hapo, mabadiliko ya umiliki hayamfungi mtu wa tatu. Hapa mnunuzi ndiye mwenye hatari kubwa, lakini nawe jilinde: usikabidhi hati ya uhamisho iliyosainiwa kabla ya kupokea malipo. Wakili anaweza kuishika mpaka fedha ziingie.

Jambo moja la mpakani. Hataza ya Tanzania haivuki kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Fundi wa Zambia akiiga mashine yako huko kwao, hataza hii haimzuii, isipokuwa kama maombi yalipitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, na Zambia ikatajwa. Usimwahidi mnunuzi soko usilo na haki nalo. Na jina ulilobandika kwenye mashine ni haki nyingine, alama ya biashara. Haliendi na hataza mpaka liandikwe kwenye mkataba.

Nimenunua kiwanja chenye hati huku Uyole. Tuliandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne. Hati bado ina jina la muuzaji. Nina wasiwasi bure?

Huna wasiwasi bure. Mnayo makubaliano, lakini kwa Msajili wa Hati mwenye kiwanja bado ni yeye, na anaweza kukiwekea rehani. Anza na upekuzi wa hati, uone kama hakuna rehani wala zuio. Halafu mtafute muuzaji angali yupo. Akifariki, atakayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hapo huenda ukakutana na ndugu msiofahamiana.

Mtajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 mbele ya wakili, mkiambatanisha hati halisi, picha, ripoti ya uthamini na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wake ni lazima. Mauzo mengi huvunjika hapa, mke akisema hakujua. TRA watadai kodi ya 10% ya faida, ambayo ni ya muuzaji, kwa hiyo atunze risiti za gharama zake zipunguzwe. Ushuru wa stempu ni 1%, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Linganisheni pia majina. Hati ikisema jina moja na kitambulisho cha NIDA lingine, faili hurudishwa, na hapo kinahitajika kiapo.

Nauziwa shamba la misonobari kijijini karibu na Mafinga. Mwenyekiti amekubali kusaini na kugonga muhuri. Inatosha?

Haitoshi. Ardhi ya kijiji huhamishwa kwa kibali cha Halmashauri ya Kijiji, si cha mwenyekiti peke yake. Omba nakala ya muhtasari wa kikao kilichojadili jina lako na shamba hilo.

Uliza pia unachouziwa ni nini hasa, ardhi au miti tu. Kama ni miti, mkataba utaje idadi, umri, mipaka na tarehe ya mwisho ya kuvuna. Bila tarehe hiyo, mwenye shamba anaweza kukudai uondoe miti ambayo bado haijafikia unene wa mbao.