Taytu na Chemchemi ya Mekelle

Swali: Mhariri, katika chama chetu cha akina mama hapa Kondele, Kisumu, tumebishana: je, Malkia Taytu Betul wa Ethiopia alikuwa na mamlaka, au alikuwa mke wa Mfalme Menelik II tu?

Jibu: Dada msomaji, alikuwa na mamlaka, tena makubwa. Jina Addis Ababa, yaani ua jipya, ni lake. Ila ninalolienzi zaidi ni la Januari 1896: Waitalia waliokuwa wameivamia Ethiopia walipojifungia ngomeni Mekelle, mji wa kaskazini, na mashambulizi yakashindwa kuwatoa, Taytu alishauri chemchemi waliyoitegemea itekwe, na askari wake mwenyewe wakailinda usiku na mchana mpaka kiu ikawalazimisha maadui kuiacha ngome. Tarehe 1 Machi alikuwepo pamoja na jeshi lake kwenye vita vya Adwa, ambako Waethiopia waliwashinda Waitalia. Menelik alipougua, mamlaka yalimwangukia yeye, hadi wakuu walipomwondoa mwaka 1910.