Mkanda wa kiti unakataa nikiuvuta haraka: ni mbovu au mzima?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimenunua gari lililokwisha kutumika. Mkanda wa dereva una vituko viwili: nikiuvuta kwa pupa unakataa katakata, na nikiufungua haurudi wote, unabaki unaning'inia hadi naubana na mlango. Jirani yangu anayejuajua magari anasema tufungue kasha lake tulegeze springi. Anasema pia kwamba gari lina mifuko ya hewa, kwa hiyo kwa mwendo wa mjini mkanda si lazima sana. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele yake, haizimiki. Mwisho, mke wangu ana mimba ya miezi sita. Mkanda unambana tumbo, hivyo anakaa nyuma bila kufunga. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na hilo kasha, maana naogopa jirani keshashika bisibisi. Msilifungue. Ndani yake mna springi iliyosokotwa ambayo ikiachiwa inafyatuka, na hakuna mtu anayeirudisha kwa mkono ikakaa kama ilivyotoka kiwandani. Zaidi ya hapo, magari mengi ya miaka hii yana fataki ndogo ya baruti kwenye kasha hilo au kwenye kifungio. Kazi yake nitaieleza, lakini si kitu cha kuchokonoa ukiwa umekaa nacho mapajani.

Sasa vituko. Hicho cha kwanza si ugonjwa hata kidogo. Mkanda unaokataa ukivutwa kwa pupa ndio mkanda mzima. Ubavuni mwa kile kigurudumu unachojikunjia kuna kiwenzo kidogo: kigurudumu kikizunguka kwa kasi, kiwenzo hurushwa nje, kinauma meno, na kila kitu kinasimama. Kando yake kuna kinga ya pili isiyojali mkanda umevutwaje. Mara nyingi ni gololi ya chuma iliyokaa kwenye kikombe. Gari likifunga breki ghafla au likiinama sana, gololi hupanda ukingo wa kikombe, inainua kidole, nacho kinashika meno. Ndiyo sababu ukiegesha kwenye mteremko mkali mkanda waweza kugoma kutoka hata ukiuvuta kwa adabu.

Kinga zote mbili unaweza kuzipima mwenyewe. Gari likiwa limesimama tambarare, vuta mkanda polepole mpaka mwisho. Unatakiwa utoke bila ubishi. Ukunje, kisha unyakue kwa ghafla. Ni lazima ushike. Halafu nenda uwanja mtupu, endesha kama kilomita 10 kwa saa ukiwa umefunga mkanda, kanyaga breki kwa nguvu huku ukiegemea mbele. Usikie umekushika. Rudia mara kadhaa. Ukikuachia hata mara moja, hilo kasha halina dawa, linabadilishwa lote.

Kituko cha pili, kutorudi, ndicho hitilafu, na mara nyingi si springi. Tazama juu kwenye nguzo ya mlango, pale kwenye kitanzi ambacho mkanda hupita ukishuka begani kwako. Pitisha ncha ya kidole ndani yake. Kwenye gari la umri wa kutosha, kidole kitatoka na utando mweusi unaonata: jasho, vumbi na mafuta ya ngozi za watu wote waliowahi kuliendesha. Huo utando ndio unaoushika mkanda. Lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, kizungushe kwenye kitu chembamba, usugue kitanzi mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha uvute mkanda wote nje, ubane na kibanio usirudi, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo, petroli wala rangi. Vinaila nyuzi bila wewe kuona. Uache ukauke kabisa kivulini kabla hujauruhusu kuingia ndani, la sivyo utaota ukungu humo. Baada ya hapo mikanda mingi hurudi yenyewe. Wako ukiendelea kuzembea, angalia kama umejisokota mahali au kama plastiki ya nguzo inaubana, kisha fikiria kununua kasha jipya.

Ukiwa bado umeuvuta wote, ukague kwa jicho la mnunuzi. Umesema unabanwa na mlango. Basi tafuta pale unapobanwa kama kingo zimechanika au nyuzi zimeanza kusimama. Mkanda wenye mchano hauna kiraka wala cherehani, unatupwa. Halafu angalia plastiki ya ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye kifungio, na plastiki ya kitanzi cha juu. Ukiona mikwaruzo iliyoyeyuka, yenye kung'aa kama imepigwa pasi ya moto, mkanda huo umewahi kumzuia mtu kwenye ajali. Nyuzi zake zimekwisha kunyooka, hazina tena kile kiasi cha kunyumbuka. Muuzaji hakukwambia, lakini plastiki inakwambia. Ubadilishe, na usinunue wa kuchomolewa kwenye gari lililogongwa hata kama unaonekana mpya.

Hiyo taa ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko mkanda wenyewe. Kawaida yake ni kuwaka unapofungua swichi, ikakaa sekunde chache, ikazimika. Ikibaki inawaka, kompyuta ya usalama imeona kasoro, na mara nyingi hujiweka pembeni: siku ya siku mifuko ya hewa inaweza isifumuke na ile fataki ya mkanda isilipuke. Sababu zaweza kuwa ndogo, kama plagi iliyolegea chini ya kiti baada ya mtu kuking'oa ili asafishe zulia, au waya wa mviringo ulio nyuma ya usukani kukatika. Zaweza pia kuwa mbaya: gari liligongwa, mifuko ikafumuka, mtu akashonea kifuniko tupu na kukuuzia. Lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu. Akianza kupima nyaya za mfuko wa hewa kwa taa ya majaribio, mnyang'anye ufunguo. Mkondo mdogo tu watosha kuufumua usoni mwake. Na ushukuru kwamba yako inawaka. Kuna wauzaji wanaoitoa balbu, ukanunua ukidhani salama, kwa hiyo taa ambayo haiwaki kabisa unapofungua swichi nayo ni dalili.

Nije kwa hoja ya jirani. Mfuko wa hewa haukubuniwa uchukue nafasi ya mkanda. Ulibuniwa umpokee mtu ambaye mkanda umeshamzuia. Unajaa kwa chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha unaanza papo hapo kupumua kupitia matundu yake. Dereva asiyejifunga anakuwa ameshatupwa mbele na breki kabla ya mgongano, hivyo anaukuta mfuko ukiwa bado unalipuka, na hapo wenyewe unamuumiza. Ndiyo maana tunasema kifua kikae walau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani.

Kuhusu mwendo wa mjini, kilomita 50 kwa saa ikikomea ukutani ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Mwambie jirani aruke ghorofa ya tatu akijizuia kwa mikono kwenye usukani.

Mkanda wa ncha tatu ulitoka kwa Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, mwaka 1959, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine waitumie hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi huo. Bohlin kabla ya hapo alishughulika na viti vya kumrusha rubani nje ya ndege, kwa hiyo alijua mwili unastahimili nguvu wapi: nyonga, mbavu, mfupa wa bega. Siyo tumbo, siyo shingo. Yaliyoongezwa baadaye yanafuata hesabu hiyohiyo. Ajali ikianza, ile fataki ya baruti huuvuta mkanda nyuma sentimita kadhaa ili uondoe ulegevu. Sekunde hiyohiyo, mhimili ulio ndani ya kigurudumu hujisokota na kuuachia kidogo ili usivunje mbavu. Fataki ikishalipuka mara moja imekwisha. Na vile vibanio vinavyouzwa vya kulegeza mkanda kifuani vinaharibu kazi yote hiyo kwa raha ya safari moja.

Mke wako afunge. Si kwamba mkanda unamdhuru, ni kwamba umepita pasipotakiwa. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo, kilale juu ya mifupa ya nyonga na mapaja, kikazwe. Cha juu kipite katikati ya matiti, kisha ubavuni mwa tumbo, si juu yake. Aketi wima, kwa sababu akilala sana kiti kikiwa kimelazwa, mkanda wa chini hupanda wenyewe tumboni. Asipitishe kipande cha juu chini ya kwapa. Hapo nguvu yote inaangukia mbavu za chini, na nyuma yake kuna ini na bandama. Mkigongwa, hata kidogo, na hata kama hana maumivu, aende hospitali siku hiyohiyo.

Kukaa nyuma ni sawa, lakini kukaa nyuma bila mkanda kunakuhusu na wewe. Kwenye mgongano wa mbele atatupwa na mwili wote kwenye mgongo wa kiti chako, nawe utakuwa katikati yake na usukani. Kagua pia kile kiegemeo cha kichwa: ncha yake ya juu ifike usawa wa utosi wako na kikae karibu na kisogo. Kwenye magari mengi niyaonayo kimeshushwa mpaka mwisho kama mto wa shingo, na akigongwa kwa nyuma mtu shingo yake inapinda juu yake.

Mtoto akizaliwa, kiti chake cha kichanga kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa wa abiria ambao haujazimwa. Mahali pake ni nyuma. Kwa hiyo mikanda ya nyuma nayo ioshe na kuijaribu sasa hivi, usingoje.

Ukishapata namba ya hitilafu kwenye mashine, niandikie pamoja na aina na mwaka wa gari, nikwambie pa kuanzia.