Umejifungua, Usifunge Vitabu

Juzi dada mmoja ameniandikia kutoka Morogoro. Ana mtoto wa wiki tano. Kabla ya hapo alikuwa msomaji hasa: kwenye daladala anasoma, kwenye foleni ya benki anasoma. Tangu ajifungue hajagusa hata ukurasa. Akaniuliza, "Dada, ndiyo basi tena? Nisubiri mpaka mtoto aanze shule?"

Nilimjibu kwa kifupi palepale, lakini swali lake limenikaa moyoni kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnapita hapohapo. Mnapenda vitabu, baadhi yenu mna ndoto ya kuandika cha kwenu, halafu mtoto anakuja na kila anayeingia mlangoni anakwambia mambo hayo sasa yaweke kando. Mimi nasema usiyaweke kando. Soma sasa hivi, soma huku unanyonyesha, soma kwa sauti, na usome kitabu unachokipenda wewe.

Nilijifungua wakati wa masika, tukiwa tumepanga Tabata. Mama alikuja kutoka Moshi na mkungu wa ndizi kwa ajili ya mtori, akaishika nyumba yote mikononi mwake. Kazi yangu ikawa kula, kuoga maji ya moto, kunyonyesha na kulala kila nilipopata nafasi. Kitabu nilikiweka pembeni ya mto. Kilikuwa cha hadithi fupi, kimeanza kuachia kurasa, nilikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba wa Posta nikiwa na mimba kubwa.

Siku moja wakaja wageni kumwona mtoto. Mmoja wao, ndugu wa upande wa mume wangu, mtu mzima ambaye namheshimu, akakiona kile kitabu. Akakinyanyua kwa vidole viwili mbele ya wenzake, akauliza, "Mzazi huyu amezaa mtoto au amezaa kitabu?" Wakacheka wote. Kisha akanishauri nikifiche, macho ya mzazi bado mabichi, nitakuja kupofuka. Nilinyamaza, maana mkubwa ni mkubwa. Lakini maneno yale yalinichoma na hadi leo yananichoma. Katika watu wote waliojaa mle chumbani hakuna aliyeniuliza usiku nalala saa ngapi, wala najisikiaje. Walimpokea mtoto, wakampakata, wakamwombea dua, wakanywa chai, wakaondoka. Kile kitabu kilikuwa kitu pekee mle ndani kilichonikumbusha kwamba bado nina akili yangu na mawazo yangu, kwamba sijageuka kuwa ziwa la mtoto tu.

Wageni walipoondoka, Mama alikichukua kitabu, akakifuta kwa pindo la kanga yake, akakirudisha pale pembeni ya mto. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Hebu nisomee na mimi nisikie." Mama aliishia darasa la nne. Basi nikaanza kusoma kwa sauti, mtoto akiwa ziwani, Mama anachambua mchele kwenye ungo. Akisikia mhusika anadanganya anaguna. Akisikia mwanamke kaonewa anaacha mchele na kunitazama, kama vile mimi ndiye mwandishi na naweza kubadilisha mambo. Na mtoto, aliyekuwa na tabia ya kunyonya kidogo na kulia sana, akawa anatulia nikisoma. Nikinyamaza anajinyonganyonga. Nikiendelea anaendelea kunyonya.

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho sauti ya mama inamfikia. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walichapisha utafiti wa wajawazito waliosoma hadithi moja kwa sauti mara mbili kwa siku katika wiki sita za mwisho za mimba. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu bandia iliyounganishwa na mitambo, na kwa jinsi walivyonyonya waliweza kuchagua hadithi gani wasikilizishwe. Walichagua ile waliyosomewa tumboni. Mtoto hajui hadithi inahusu nini. Anachokijua ni mwendo wa sauti, panapopanda na panaposhuka. Kwa hiyo usijisumbue kwamba kitabu chako ni cha watu wazima. Mtoto wa mwezi mmoja hajali kama unasoma riwaya ya mapenzi au taarifa ya fedha za kijiji, ilimradi anayesoma ni wewe.

Halafu kuna suala la macho. Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimeta 20 hadi 30 hivi, ambao ndio umbali kutoka ziwani hadi usoni pa mama. Ukisoma kwa sauti huku unanyonyesha, anauona mdomo wako ukienda na sauti anayoijua tangu tumboni. Hakuna darasa la watoto, hata la kulipia, linaloweza kumpa zaidi ya hapo katika umri huo.

Sasa nije kwenye utendaji, maana najua mtaniuliza. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku na mchana. Hizo ndizo nafasi zako, wala usitafute nyingine. Ukisema utasoma mtoto akilala, hutasoma, kwa sababu mtoto akilala na wewe unatakiwa ulale. Tatizo ni mkono. Mmoja umeshika kichwa cha mtoto, unabaki na mmoja tu, na kitabu kinajifunga chenyewe. Mimi nilitumia kibanio cha nguo. Unabana kurasa za upande wa kushoto, kitabu unakilaza juu ya mto mdogo uliouegemeza kwenye paja, ukimaliza kurasa mbili unahamisha kibanio kwa mkono uleule. Chagua kitabu chembamba na chepesi. Riwaya ya kurasa mia sita iache kabatini kwanza, ikikuponyoka inamwangukia mtoto.

Na iwe karatasi. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Nimewasikia wanaosema wanasoma kwenye simu. Ukishika simu saa nane ya usiku, kabla hujafika kwenye kitabu utapita kwenye magrupu ya WhatsApp, utaona aliyekwenda honimuni Zanzibar, utaona aliyejifungua mwezi mmoja na wewe akiwa tayari kavaa gauni la kubana. Utaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kitabu hakina hayo. Simu mimi niliitumia kama tochi tu umeme ukikatika, nikaigeuza kioo chini.

Kitabu gani? Hadithi fupi, mashairi, barua, kitu unachoweza kukiachia njiani mtoto akicheua na ukakirudia bila kupotea. Tenzi zilinifaa kuliko vyote. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, na ukizisoma taratibu zinabembeleza zenyewe. Nilisoma Utendi wa Mwana Kupona, ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Kiamu chake, yaani Kiswahili cha Lamu, kilinipa taabu, na yale anayomfunza binti kuhusu kumtii mume sikubaliani nayo yote, nilikuwa nabishana naye peke yangu ndani ya chandarua. Lakini kusoma maneno ya mama aliyeogopa kufa kabla hajamwambia mwanawe ya muhimu, huku wangu nimempakata, kulinitoa machozi ambayo siku nyingi yalikuwa yanatafuta pa kutokea.

Usichotakiwa kusoma sana ni vile vitabu vya kufundisha ulezi vinavyotoka ng'ambo. Nililetewa viwili kama zawadi. Kimoja kilitaka mtoto alale chumba chake peke yake, kwa ratiba ya saa, na mama asimbebe kila anapolia. Chumba kipi? Kwetu mtoto analala na mama yake chandarua kimoja, akilia anabebwa, na bibi yupo. Kila nilipofunga kile kitabu nilijiona nakosea kila kitu. Nikampa mtu mwingine. Jambo la afya kaliulize kliniki, na ukisome kile kijitabu cha kliniki chenyewe. Wengi tunakitumia kuandikiwa tarehe za chanjo na uzito tu, kumbe kinakueleza mstari wa ukuaji unasomwaje. Dalili za hatari zijue kwa moyo: mtoto akishindwa kunyonya, akiwa na homa, akipata degedege au akipumua harakaharaka, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Na jingine la afya nitaliweka wazi. Kitabu kinafariji, hakitibu. Ikiwa huzuni imekukalia zaidi ya wiki mbili, huli, hulali hata mtoto akilala, humtamani mtoto wako au unawaza kujidhuru, nenda hospitali ukaseme. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, ina matibabu, na haina uhusiano wowote na kukosa imani au kukosa shukrani. Mwambie mtu leo, usingoje arobaini iishe.

Vitabu vya mtoto mwenyewe vinakuja baadaye kidogo, na wala si lazima uvinunue. Cha kwanza cha mwanangu kilikuwa kanga. Mama alikuwa anajifunga iliyoandikwa "Nani kama mama", nami nikimpakata mtoto namwonyesha maandishi kwa kidole, namsomea. Kisha nikamchorea kwa kalamu nyeusi ya maka kwenye manila nyeupe: duara, mistari, jicho, samaki. Watoto wa umri huo huvutiwa na weusi na weupe unaokutana, rangi za maua maua hazimsaidii bado. Nikazibandika ukutani usawa wa macho yake.

Alipoanza kukaa, kila kitu kikawa kinakwenda mdomoni. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa na kuficha vitabu juu ya kabati. Msifiche! Tengenezeni cha kutafunwa. Nilikwenda kwa fundi cherehani wa mtaani, akanipa vipande vya vitenge bure. Nikakata kurasa saizi ya kiganja, kila ukurasa nikashonea umbo moja: samaki wa kitenge cha bluu, ndizi ya njano, jua, kuku mwenye jicho la uzi mwekundu. Vifungo sikuweka, mtoto anaweza kuving'oa na kuvimeza. Nikashona ubavuni kwa mkono, mshono mara mbili. Kile kitabu kimefuliwa, kimeanikwa, kimetafunwa mpaka kuku akabaki hana mdomo, na bado mwanangu alikuwa anakifungua kuanzia mwanzo, anafunua ukurasa mmoja mmoja kwa adabu zote. Leo anaongea sentensi ndefu, anakusimulia alichokiona dukani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Najivunia, sitaficha. Na yule aliyeniuliza nimezaa mtoto au kitabu, sasa akija nyumbani ndiye anayekaa kusimuliwa.

Akina baba, msijitoe. Sheria ya kazi ya Tanzania inakupa siku tatu tu mkeo akijifungua, lakini kusoma hakuhitaji likizo. Mume wangu alikuwa anarudi jioni amechoka, anamchukua mtoto kifuani, anamsomea kurasa za michezo za gazeti. Matokeo ya ligi, msimamo, usajili. Mtoto ametulia tuli, ile sauti nzito inamtetemesha kifua. Na mimi nikapata muda wa kuoga.

Mama akirudi kazini, likizo ya siku 84 (100 kama ni mapacha) inakwisha haraka, na hapo ndipo wengi huacha kabisa. Kumbuka sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Zidai. Ukirudi nyumbani mtoto anataka ziwa na sauti yako kabla ya kitu kingine, na vyombo vinaweza kusubiri. Mchana anayebaki naye, awe bibi au dada wa kazi, mwachie kitabu cha picha. Asiyejua kusoma anaweza kusimulia picha, na mara nyingi anasimulia vizuri kuliko kilichoandikwa.

Kuhusu pa kuvipata: hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili zipo bure kwenye tovuti ya African Storybook, unaweza kuzichapisha stationery ya mtaani na kuzibana kwa pini upande usioguswa na mtoto, kisha ukazifunika pini kwa gundi ya karatasi. Vya mtumba vipo, uwe na subira ya kuchambua. Na kwa walio Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. Nenda asubuhi kabla joto halijakolea, mtoto akiwa ameshiba, na beba kanga mbili: moja ya kujifunika ukinyonyesha, moja ya kumlaza.