Kilichonirudisha kwenye timu zangu

Mhariri ameuliza wiki hii: baada ya jambo lililokulazimisha kuiacha kazi yako kwa muda, ni nini kilichokurudisha? Mimi ni mkufunzi wa timu zinazounda programu za kompyuta, na jambo lililonisimamisha lilikuwa saratani ya tezi za limfu, ile iliyopewa jina la Thomas Hodgkin, daktari aliyeieleza mwaka 1832. Ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri, hasa ikigunduliwa mapema. Nalitanguliza hilo kwa ajili ya msomaji ambaye huenda ameambiwa juzi tu kwamba anayo, na tangu siku hiyo usingizi umempaa.

Nilianza nikiwa mwandishi wa programu, lakini taratibu nilijikuta navutiwa zaidi na watu wanaoziandika: namna wanavyogawana kazi, wanavyokaguliana msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, na wanavyothubutu au wasivyothubutu kuambiana kilichokwama. Huketi na timu, nikaitazama ikifanya kazi, kisha nikaisaidia ibadilishe jambo moja na kuona matokeo kabla ya kugusa jingine. Sehemu kubwa ya fikra za kazi hii imo katika waraka uitwao Agile Manifesto, ulioandikwa mwaka 2001 na wataalamu 17 waliokutana Utah, Marekani. Miongoni mwa kanuni 12 zinazoambatana na waraka huo, iko inayosema kwamba wadhamini, watengenezaji na watumiaji wawe na uwezo wa kudumisha kasi ileile bila kikomo. Mameneja wengi huipitia haraka, kana kwamba iliwekwa pale kwa ajili ya heshima tu. Mimi sasa ndiyo ninayoanza nayo.

Sababu yake ni hii. Uchovu unaofuata tiba ya kemikali si ule unaoondoka kwa kulala. Unaweza kudumu miezi mingi baada ya dawa kumalizika, na wengine wetu hupungukiwa pia na kumbukumbu na uwezo wa kumakinika. Niliporudi kazini, saa zangu nzuri katika siku zilikuwa chache mno, na nikiingiza humo mambo matatu kwa pamoja hakuna hata moja lililofika mwisho. Wanaosimamia mtiririko wa kazi wanaijua kanuni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha kihisabati mwaka 1961, kwamba wastani wa kazi zilizo mkononi ni sawa na kasi ya kazi kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila kazi hukaa. Maana yake, ikiwa kasi ya kumaliza haibadiliki, kila unachoongeza mkononi kinarefusha safari ya vyote vilivyomo. Miaka mingi nimeichora kanuni hiyo ubaoni mbele ya timu, na katika miezi ile ndiyo iliyoniamulia nishike nini na niache nini.

Sidai kwamba kazi ndiyo iliyoniletea saratani, na sipendi kusikia mgonjwa akitafutiwa kosa. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walionyesha mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na ongezeko la takriban asilimia 35 la hatari ya kupata kiharusi, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kwa hiyo timu inapotaka kunionyesha kwa fahari jinsi inavyokesha kabla ya kila toleo, huwauliza kwanza ni hitilafu ngapi za toleo lililopita zilizaliwa katika mikesha hiyo.

Lakini kilichonirudisha hasa ni timu moja niliyoiacha nilipolazwa. Bila kuniuliza, walianza kuandika programu wawili wawili na kubadilishana wenza, ili pasiwe na sehemu ya mfumo inayofahamika na mtu mmoja tu, kwani kuugua kwangu kuliwafanya wafikirie ni nani kati yao angefuata kukosekana, na angeondoka na ujuzi gani. Niliporejea walinieleza uamuzi huo hatua kwa hatua, wakiwa na sababu zao wenyewe. Sijawahi kupokea malipo yanayozidi hayo.

Siungi mkono wasemao kwamba ugonjwa ni zawadi. Kwangu ulikuwa ugonjwa, na kama ningeweza kuuepuka ningeuepuka. Nilichonacho ni kazi ninayoipenda na nguvu zinazohitaji kupangwa. Bado nahudhuria uchunguzi hospitalini, na wiki za uchunguzi sizipangii warsha. Nachukua timu chache kuliko zamani, na katika kikao cha kwanza tunakubaliana tarehe nitakayoondoka, pamoja na mambo ambayo ifikapo siku hiyo watakuwa wakiyafanya wenyewe.