Mpeleke bibi Kaboya angali na nguvu

Ndugu, umeuliza kama ni sawa kumsafirisha bibi yako wa Kibosho, mwenye miaka 80 na ushee, hadi Kagera akaone kaburi la mwanawe aliyefia vita vya Amin, maana ukoo unasema atateseka bure njiani. Mpeleke. Mimi nilimpeleka mama kwa kaka yake, na najuta tulichelewa.

Mjomba aliondoka Marangu na mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka na kulivunja daraja la Kyaka. Hakurudi. Wachaga tunazikana kihambani, kwenye shamba la ukoo, sasa yeye yuko Kaboya, wilayani Muleba, huko Kagera, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile. Kila tarehe 25 Julai mama alifungulia redio kusikiliza Siku ya Mashujaa. Tarumbeta ikianza kulia, ananyanyuka anakwenda jikoni.

Safari ni ndefu kweli. Tulipanda basi Moshi alfajiri, tukalala Kahama, kesho yake tukaendelea. Kule ni eneo la jeshi: ombeni ruhusa mapema, mbebe barua ya kijiji na vitambulisho, na msipige picha mpaka mruhusiwe.

Askari aliyetupokea alimwamkia mama shikamoo, akamshika mkono, tukapita polepole kati ya safu za makaburi. Tulipofika, mama alifuta vumbi kwenye jina kwa ncha ya kanga, herufi moja moja, maana husoma kwa kufuatisha kidole. Akatoa mkobani jani la isale, mmea tunaoupanda makaburini, alilochuma kwenye kaburi la babu, limeshanyauka, akalilaza juu ya saruji. Kisha akaanza kumsimulia kwa Kichaga: nani kaoa, nani katutoka, kwamba ile kahawa ya juu ya mfereji tumeing'oa. Robo saa nzima. Yule askari aligeukia pembeni akafuta macho.

Hao wanaoshauri mifupa ihamishiwe nyumbani, mama naye aliwahi kulitaka hilo. Alipotazama makaburi yaliyomzunguka kaka yake, vijana waliokwenda naye, akasema, "Mwacheni, yuko na wenzake." Hajalirudia tena.

Bibi achume isale asubuhi ileile ya safari, mlifunge kwenye jani la mgomba lenye unyevu lisije likanyauka kama letu. Na sweta, basi la alfajiri lina baridi.